Rubani Alipokuja Kwenye Sherehe

Mimi sikuipenda filamu ya Chombo tangu mwanzo, na niliwaambia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, nimepanga chumba Mtoni, jioni nina madaftari ya watoto ya kusahihisha, na nyumba nzima imejazana koridoni inatazama Wazungu waliovaa nguo za kubana wakibishana na mnyama mwenye vichwa viwili. Nikasema huo ni upuuzi wa watu waliokosa kazi. Haukupita muda nikawa na mimi nawahi na kigoda changu, ili nisikae nyuma ya mchongaji, ambaye mabega yake yalitosha kuziba nusu ya televisheni.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa, vitu tulivyozoea kuvisikia kwa wasafiri vikaanza kuonekana madukani na majumbani. Televisheni na deki ya kanda za video vilikuwa vya mama mwenye nyumba, mjane wa Kizaramo aliyezaliwa hapo hapo Mtoni, na aliletewa na mdogo wake aliyekuwa mpishi kwenye meli za mizigo. Huyo mpishi ndiye aliyekuwa anaturekodia Chombo kila meli ilipokaa bandari za Ulaya. Kanda zilikuja shaghalabaghala. Leo Nahodha ana mvi, kanda inayofuata ni kijana anayeoa. Kwa hiyo kabla ya kutazama kulikuwa na baraza la kuamua ipi ilitangulia ipi, na baraza hilo wakati mwingine lilikuwa tamu kuliko kanda yenyewe.

Hadithi ilihusu watu waliopoteza sayari yao, wanazunguka na chombo chao kati ya nyota wakitafuta pa kukaa. Huko kwao ilikuwa imeonyeshwa miaka mingi hata waigizaji wa kwanza wamezeeka. Mfasiri wetu alikuwa karani wa bandarini, mpangaji wa chumba cha mwisho karibu na uani. Alikaa kwenye stuli ubavuni mwa televisheni, akapunguza sauti, akasema yeye kwa niaba ya wote: Nahodha kwa sauti nzito, Daktari kwa sauti ya pua, mnyama wa vichwa viwili kwa sauti mbili. Majina ya Kizungu aliyatupilia mbali. Kila mtu aliitwa kwa kazi yake, na sisi tukawajua hivyo hivyo.

Mmoja wao alikuwa Rubani. Kwenye kanda mojawapo ya mwanzo adui aliwafukuza, Chombo kikawa kinazidiwa, na Rubani akachukua kijichombo kidogo akatoka peke yake ili adui amfuate yeye. Adui akamfuata kweli. Chombo kikapona, Rubani hakuonekana tena. Si maiti, si salamu, si kipande cha bati. Nahodha, ambaye ndiye aliyemlea, alisimama dirishani kanda nzima.

Nyumba ikagawanyika. Mchongaji, Mmakua wa kusini aliyekuwa akifanya kazi zake Mwenge, alisema Rubani kafa na asiyekuwepo na lake halipo. Mama mwenye nyumba alisema yu hai. Alilisema hilo kwa namna ambayo wapangaji wapya walidhani ni utani, mpaka mtu awavute pembeni awaeleze.

Mama alikuwa na mtoto mmoja wa kiume. Alikuwa amezamia meli, yaani alijificha ndani ya meli ya mizigo pale bandarini ili avuke kwenda majuu bila tiketi wala pasipoti, kama walivyofanya vijana wengi wa Temeke siku zile. Hakumuaga mama yake. Hakumuaga mke wake pia, binti aliyekuwa amemwoa hata kanga za harusi hazijachuja. Mimi nilipohamia pale alikuwa ameshapotea miaka, na mkewe alikuwa bado anaishi na mama mkwe wake, anapika, anafua, anamkanda miguu, anaitikia "abee mama" tangu alfajiri. Zilikuwepo habari za wazamiaji waliotoswa baharini na mabaharia wasiotaka matatizo kwenye bandari za watu. Habari hizo hazikusemwa ndani ya nyumba ile.

Sasa ubaya, kama ni ubaya, ni kwamba karani alimpenda yule binti. Alimpenda kwa adabu, hakuna aliyewahi kuwakuta wamesimama mahali, lakini mtu anayejua kutafsiri mnyama wa vichwa viwili bila kigugumizi alikuwa akimkaribisha yule dada kiti anachanganya maneno. Hatimaye akatuma mshenga. Mama alimsikiliza mshenga mpaka mwisho, akamjibu, "Mke wa mtu sumu," akaendelea kuchambua mchele.

Shehe wa mtaa alikuwa amemweleza mama kwamba milango ni miwili. Kijana ahukumiwe kuwa amekufa, asomewe hitima, mke akae eda awe huru. Au watu wa upande wa mume waje washuhudie kwamba amemtelekeza mkewe, hakuacha matumizi wala habari, na ndoa ivunjwe. Mama aliikataa yote miwili. Nilikuwepo uani aliposema.

"Wa kwanza ni kumzika mwanangu mzima mzima," alisema. "Wa pili ni kumtia aibu. Mtoto wangu si wa kutelekeza mtu. Ana sababu. Atakuja ataisema."

Nilimwonea huruma, na nilimkasirikia. Nilikuwa na umri sawa na yule dada. Nilimwona anavyozeeka kwa kusubiri, nikajiambia kwamba huyu mama anamhifadhi mkwe kama mtu anavyohifadhi koti la msafiri, asije akarudi akasikia baridi.

Hapo ndipo kanda ya maadhimisho ilipokuja.

Mpishi wa meli alitua Jumamosi, akaileta imefungwa ndani ya taulo. Alisema huko Ulaya watu walisimamisha shughuli zao siku ilipoonyeshwa. Ni kipindi maalumu cha kusherehekea Chombo kutimiza robo karne, wazee wote wa mwanzo wamerudishwa. Yeye mwenyewe hakukiona, alikuwa zamu jikoni. Rafiki yake wa melini ndiye aliyerekodi.

Kesho yake Jumapili, tangu asubuhi, uani hapakutosha kwa mabishano.

"Sherehe ni sherehe," alisema mama, anakuna nazi. "Hakuna sherehe mtoto wa nyumbani akakosa. Hata aliyegombana na ukoo mzima siku ya shughuli anaitwa. Leo Rubani anakuja. Nyie mtaona."

"Mama, kwetu sie sherehe kubwa haianzi bila kwenda kwa waliokufa," alisema mchongaji. "Unamwaga unga kwenye mti, unawataja mmoja mmoja, ndo mnakula. Hao wakitimiza miaka lazima watawataja wafu wao. Na wa kwanza kutajwa ni Rubani."

"Wazungu wana mti wa kumwagia unga?"

"Watakuwa na chao."

Nilicheka, kisha nikaona mama anapika pilau. Hakupika wali wa nazi wa Jumapili, alipika pilau ya shughuli, sufuria kubwa la kuazima, na nazi ile aliyokuwa anakuna ilikuwa ya mchuzi wa kuku. Yule dada alikuwa anamenya vitunguu bila kuinua macho. Nikaelewa kwamba mama anapika kumpokea Rubani, na kwamba asipokuja mimi sijui nyumba hii italala vipi.

Karani naye alielewa. Alinikuta mlangoni kwangu, amevaa shati la kwendea kazini.

"Mwalimu, leo tafsiri wewe."

"Mie Kiingereza changu cha ubaoni, kaka. Hawa watu wanaongea kama wanakimbizwa."

"Utakiweza. Mie siwezi. Rubani akifa, watasema nimemuua mie. Akija hai na mie nikamsemea, watasema nimemsemesha nilichotaka. Tafsiri kama ilivyo. Usimfiche mama kitu."

Basi baada ya swala ya adhuhuri nikakaa mimi kwenye stuli. Tulikuwa tunaomba umeme usikatike, maana ilikuwa siku za mgao. Mama alikaa mbele kwenye mkeka, mkwewe nyuma yake, mpishi wa meli kwenye kiti cha heshima. Karani alisimama mwisho kabisa wa korido, karibu na mlango wa uani.

Nilianza vibaya. Nilikuwa natafsiri kama ninasoma imla, na mchongaji akalalamika kwamba Daktari amekuwa na sauti ya mwalimu mkuu. Lakini kidogo kidogo nikakolea. Chombo kilikuwa kimepambwa kwa taa, wazee wakawa wanaingia mmoja mmoja, wanakumbatiana, wanachekana vipara. Sisi tuliwapigia makofi kila mmoja, kwa sababu wengi tuliwaona vijana mwezi uliopita tu. Mchongaji aliinama mbele kumkagua mnyama wa vichwa viwili na kusema kwamba kichwa cha pili safari hii kimechongwa na mtu mvivu.

Kisha ikaonyeshwa meza. Viti vyote vina watu, kimoja kitupu.

"Nimesema mie," alinong'ona mchongaji. "Kiti cha marehemu."

Mama hakugeuka. Nahodha, kizee sasa, akainua glasi akaanza kumtaja Rubani. Nikatafsiri kwamba alikuwa jasiri, alikuwa mwanangu, leo tunamkumbuka. Na hapo mlango wa Chombo ukafunguka, akaingia mwanamume mwenye ndevu nyeupe, na kabla sijajua ni nani mama mwenye nyumba alikuwa amesimama na kupiga vigelegele ambavyo vilileta majirani mpaka barazani.

Alikuwa Rubani. Nyumba ilirukaruka. Mchongaji alipiga mkono ukutani akicheka kwa kushindwa, mpishi wa meli akawa anampongeza dada yake kana kwamba ni yeye aliyemzaa. Mama aliketi, machozi yanamtoka, anasema alhamdulillahi, alhamdulillahi. Mimi mwenyewe nililia. Mwalimu mzima nalia kwa ajili ya mtu wa nyota.

Tulirudisha kanda nyuma kidogo, maana hakuna aliyesikia kilichofuata. Rubani akakaa, akala. Nyuma yake wakaingia mwanamke na vijana wawili wakubwa, akawatambulisha: mke wangu, watoto wangu, tunaishi kwenye sayari fulani yenye maji mengi. Mchongaji akaacha kucheka. Nahodha akawaamkia wote vizuri, kisha akamshika Rubani mkono akamuuliza ulipotelea wapi, mwanangu, tulikutafuta.

Rubani akajibu. Ilikuwa sentensi fupi, ya Kiingereza rahisi kabisa, hata darasa langu la saba wangeiweza.

"Kasema nini?" aliuliza mama.

Niliangalia mwisho wa korido. Karani alikuwa ananitazama mimi, hatazami televisheni.

"Mwalimu, kasema nini?"

"Kasema sikupotea," nilisema. "Nilijua mlipo siku zote."

Kanda iliendelea, kukawa na muziki na fataki, na mimi nikatafsiri mpaka mwisho, lakini sidhani kama kuna aliyesikiliza.

Pilau ikapakuliwa. Tulikaa uani kuzunguka sinia, na desturi yetu ilikuwa kwamba kanda ikiisha lazima ijadiliwe, huwezi kula chakula cha Chombo halafu ukaondoka kimya. Kwa hiyo tulijadili. Nikikumbuka mjadala ule mpaka leo nawapenda watu wale, maana kila mmoja alijua tunamzungumza nani, na kila mmoja alimtafutia Rubani udhuru.

"Wametengeneza vibaya," alianza mchongaji, yeye aliyemuua Rubani miaka yote. "Mtu kama yule hawezi kusema vile. Atakuwa alipigwa kitu kichwani, akasahau. Kumbukumbu zimerudi juzijuzi, anaona aibu kusema."

"Angesahau asingeujua mlango," alisema mama.

"Dada, mie nakwambia," alisema mpishi wa meli, "safarini kuna mambo. Mtu anaweza akakaa mahali hana njia ya kutuma hata salamu."

"We mbona unatumaga?"

Mpishi aliangalia tonge lake. Mimi nikajaribu la kwangu, nikasema huenda alitaka kurudi akiwa na kitu mkononi, siku zikapita, aibu ikazidi. Mama alinitikisia kichwa tu, kama mtoto aliyekosea hesabu lakini kajitahidi.

Ndipo karani akasema. Alikuwa hajagusa chakula. "Mie naona alikuwa anawalinda. Adui angejua bado wanawasiliana angemfuata mpaka kwao. Kunyamaza kwake ndo kulinda kwake."

Hakuna mtu pale aliyekuwa na faida kama ya karani Rubani akionekana mbaya, na yeye ndiye aliyempa udhuru mzuri kuliko wote.

"Hata wewe, karani," alisema mama taratibu. Kisha akamgeukia mkwewe. "Na wewe, mwanangu? Ungekuwa wewe ndo uko pale mezani?"

Yule dada alinawa mkono kwanza, akaufuta kwenye kanga.

"Ningempa chai, mama. Ningemuuliza watoto wake hawajambo. Halafu ningemwacha aende kwake."

Hakusema kwa hasira, na nafikiri hilo ndilo lililomchoma mama. Mama aliinuka akaenda kukaa chumbani kwake, na sisi tukamaliza pilau kwa sauti ndogo.

Siku kadhaa alishinda humo humo. Aliswali, alikula kidogo, hakutaka kanda yoyote iwekwe. Halafu alasiri moja akanigongea. Alikuwa amevaa buibui, mdogo wake nyuma yake amevaa kofia, na mkwewe amesimama kando ametoa macho kama mtu asiyejua anapelekwa wapi.

"Mwalimu, tusindikize kwa shehe. Wewe unajua kusema kama ilivyo, nikishindwa utanisaidia."

Hakunihitaji. Kwa shehe tulikaa chini kwenye jamvi, na aliongea mwenyewe bila kituo. Alisema mwanawe ameondoka kwa miguu yake. Hakumuaga mkewe, hakumwachia matumizi, hakutuma salamu. Amemtelekeza, na yeye mama yake ndiye shahidi wa kwanza. Mpishi wa meli akathibitisha kwa sauti ya chini.

"Mwanangu ni mtu mbaya," alimalizia mama. "Nataka uandike hivyo."

Shehe alikuwa amemfundisha yule kijana Kurani chuoni, tangu alifu. Nilimwona anaumia. "Mama, hakuna aliyesema hivyo. Yatosha kusema hatujui alipo. Pengine tumsomee tu hitima, mke awe huru kwa njia hiyo, na jina la mtoto libaki safi."

"La, shehe," alisema mama. "Asiyesemwa vibaya ni marehemu. Wangu yu hai, na mie namsema."

Hapo nikaelewa alichokuwa akifanya zile siku zote chumbani. Alikuwa anachagua. Miaka yote alitaka mtoto aliye hai na mtoto aliye mwema, na Rubani alikuwa amemwonyesha kwamba hapati wote wawili. Akamchukua aliye hai.

Ndoa ikavunjwa. Yule dada alikaa eda yake, na ilipokwisha karani akamtuma tena mshenga yule yule, safari hii kwa mama kama mzazi wa binti, na mama akadai mahari kwa ukali uliotuchekesha wote. Walioana barazani pale pale. Walihamia nyumba ya pili tu, na kila jioni yule dada alikuja kumkanda miguu mama, hakuna aliyemlazimisha.

Na mama akaanza kumsema mwanawe. Lo, alimsema! Asubuhi akifagia, mchana akipika. Mshenzi yule, hana haya, amekaa huko anakula siagi na mama yake ana miguu inauma. Akija hapa nitamchapa na mwiko. Wageni walishangaa, mama gani huyu. Sisi wa nyumba ile tulikuwa tunafurahi tukimsikia. Siku aliyotukana sana tulijua amelala vizuri. Kanda za Chombo ziliendelea kuja, karani alirudi kwenye stuli yake, na kila Rubani alipotajwa mama alisonya, tukacheka.

Nilikaa pale mpaka nilipohamishwa shule ya Pugu. Hata baada ya kuhama nilikuwa nakuja Jumapili, na kitu cha kwanza nilichosikia nikifika mlangoni, kabla hata sijapokewa shikamoo yangu, kilikuwa ni mwana yule akitukanwa.

Jumapili moja sikusikia tusi mlangoni, nikamkuta mama amekaa uani peke yake, ametandika mkeka, anachambua mchele. Sijui kama ilikuja habari, au kama hakuna kilichokuja. Sikuuliza wakati ule na sikuuliza baadaye. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akanisogezea ungo nimsaidie. Tulichambua kwa muda. Televisheni ilikuwa inasikika ndani, karani anamsemea mnyama wa vichwa viwili na watoto wake wanacheka.

"Mwalimu," alisema mama, hainui macho, "wewe hukumkuta mwanangu."

"Sikumkuta, mama."

Akatoa kijiwe kwenye mchele, akakitupa kando.

"Alikuwa mtoto mzuri sana yule," alisema.